Binti Aliyeko Kanada

...lakini wapi, akili hiyo ya kwenda kukaa safu ya nyuma angeitoa wapi, Sukhraj kaja kujipweteka hapahapa katikati ya mkeka, saa tano asubuhi, ukungu haujainuka kwenye barabara kuu waliyoiziba wakulima, miguu kaikunja, baridi ya lami inapenya mkeka na kumpanda hadi kiunoni, sahani ya bati mbele yake ina dengu na mboga ya haradali iliyopondwa, bado chapati, na chapati ndizo hizo zinakuja, zinakuja na Baba mkubwa Darbara, kaka wa baba yake, mzee wa miaka sitini na tisa ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kurudisha glasi yake ya chai jikoni, leo kakumbatia kikapu cha chapati kifuani, unga umemjaa hadi kwenye ndevu, anainama kwa kila mtu, chapati mheshimiwa, chapati mama, na mtu anapokea kwa mikono miwili kama inavyopasa kwenye jiko la wote, na kati ya mzee na Sukhraj wamebaki watu kumi na mmoja, na swali lililomtoa Sukhraj hemani kwake na kumleta kwenye mkeka huu ni moja tu, tena la kijinga, je, atanijua?

Maana miaka tisa si mchezo, aliondoka Kot Sarang ana miaka kumi na tisa na nywele zimesukwa mkia mmoja hadi kiunoni, leo ana ndevu, ana kilemba cha rangi ya zambarau, ana sauti iliyokaa chini kabisa kifuani, jina ni lilelile, Sukhraj, kwao jina la kwanza halibagui mvulana wala msichana, alichobadilisha ni Kaur la kike kuwa Singh la kiume, neno moja, na kwa neno hilo moja baba yake Balkar alimsindikiza hadi stendi alfajiri bila kumtazama usoni akasema, nitawaambia watu umekwenda Kanada, na basi likaja... na kila kijana wa Punjab huenda Kanada, nani angeshangaa, hata Sukhraj mwenyewe aliona ni uongo mzuri, mwepesi, usio na harufu, akapanda basi akashukia Delhi. "Mbona huli?" Meher anamnong'oneza, kakaa kushoto kwake, shali ya pamba kichwani, anajichovyea dengu kwa kidole kama mtoto, Meher wakili, Meher aliyezaliwa akaitwa jina jingine kabisa, mtu wa Delhi asiyejua ng'ombe anakamuliwa upande gani, "ninasubiri chapati," anamjibu, "unasubiri chapati au unasubiri hukumu?" na Meher anajua, Meher ndiye pekee anayejua yule mzee mwenye kikapu ni nani.

Wamebaki kumi sasa. Mzee kakwama kwa mama mmoja wa Sangrur, "chukua tatu, mama, baridi hii mbili zitakusaidia nini," na miwani yake imeingia mvuke wa chapati, anaiinua kwa kiwiko, inashuka, anaiinua tena, kwa hiyo hata akifika hapa ataona nini, ataona ukungu juu ya ukungu, na Sukhraj anashangaa kwamba jambo hilo halimpi nafuu, siku nane zote amekuwa akijificha, tangu ilipofika zamu ya Kot Sarang kuleta watu wao kumi kwenye tela la trekta, maana vijiji vinapokezana, siku kumi kumi, hawa wanarudi shamba kumwagilia ngano na wale wanakuja kukaa barabarani, na siku ya kwanza tu aliposikia lafudhi ile ya nyumbani kwenye bomba la maji aliacha ndoo palepale na kwenda zake, halafu siku ya pili akarudi, hebu eleza hilo, siku ya pili alirudi mwenyewe kwa miguu yake, akasimama nyuma ya lori la magodoro, akamwona Baba mkubwa anajifunga kilemba, kile kitambaa kirefu kinataka watu wawili wakikunje, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile, wanavuta, na mtu wa ncha ya pili alikuwa yeye, Sukhraj, kila asubuhi kabla ya shule kwa miaka kumi na kitu, vuta, usilegeze, umelala wewe, na sasa mzee ncha ya pili kaifunga kwenye ndoano ya tela, anarudi nyuma nayo taratibu, anakunja peke yake, anaiambia ndoano usilegeze... labda hakuiambia, labda hilo Sukhraj kaliongeza mwenyewe. Ila tangu hapo maswali hayamwachi, nani aliyemfundisha mzee huyu kusukuma chapati, mbona zake ni za duara kamili wakati za mkewe kule nyumbani zilikuwa na pembe, anaumwa goti lipi siku hizi, na yule nyati wa maziwa mwenye jicho moja jeupe je, na kule nyumbani jina lake linatajwa, au linarukwa, na likitajwa linatajwa na nani?

Kambini watu huliita kundi la Sukhraj na Meher watu wa debe, na si kwa ubaya. Wako sita, mashoga wawili, msichana mmoja na mwenzake wa kike, Meher na yeye waliobadili jinsia, walikuja wiki ya tatu ya mgomo wa wakulima na vitabu maboksi manne na hema lililovuja, na kazi ya kwanza waliyopewa hawakuiomba, maana Meher alishuka garini na sari yake na sauti yake nzito, na wazee wa kambi wakamwangalia wakajua moja kwa moja amekuja kufanya nini, kwao mtu kama Meher huja na ngoma mtoto akizaliwa au bwana harusi akirudi na mke, anapiga makofi, anabariki, anapewa nguo na sukari guru, sasa hapa barabarani mtoto hakuna, harusi hakuna, mzee mmoja akafikiri weee, akamshika mkono Meher kwa adabu zote akampeleka kwenye trekta lake jipya, libariki hili basi, na Meher, mwanamke aliyesimama mbele ya majaji, akatazama trekta, akamtazama mzee, akapiga makofi yake mawili makavu na kuliambia lizae matrekta saba, watu wakacheka hadi wakakaa chini, halafu akamwambia mzee, sasa na wewe nisaidie, tunataka vyoo vya wanawake viwe na taa, weka jina lako hapa. Mzee aliweka. Kesho yake walipanga foleni wenye matrekta. Ndivyo walivyopata taa, na nafasi ya hema karibu na barabara, na kila Jumatano saa kumi chai, na katikati ya mkeka debe la maziwa, ukiwa na swali usiloweza kuuliza kwenu unaliandika, unalitumbukiza, linasomwa bila jina, wiki ya kwanza karatasi mbili, wiki ya nne debe limejaa, mnaoana kweli au ni maneno tu, ndevu hizo za kwako au za dawa, nyumbani kwenu nani anaamka kukamua, mtu akibadilika urithi wa shamba anahesabiwa kama nani... Hilo la shamba walijadiliana saa mbili nzima, wakulima bwana, mbingu ianguke wao watauliza iliangukia ekari ya nani. Sukhraj alilipenda debe lile kuliko kitabu chochote, kwa sababu alikuwa amezoea watu wawe na majibu juu yake, hakuwa amezoea wawe na maswali.

"...yuko Kanada." Nani? Sukhraj anainua kichwa. Tisa, wamebaki tisa, mzee amesimama mbele ya mwalimu mstaafu mwenye koti la kijivu, anampa chapati huku anaongea, "binti wa mdogo wangu, yuko Kanada, muuguzi," na mwalimu anasema vizuri, hongera, "tena si muuguzi wa kawaida, wa wazee, wazee wa kizungu wanampenda vibaya sana, wakiumwa wanamtaka yeye tu, ana gari, la buluu," na Meher anamkanyaga Sukhraj mguu chini ya shali, kidogo tu, na Sukhraj anahisi kicheko kinampanda kooni na kinageuka kitu kingine kabla hakijafika mdomoni. Gari la buluu. Kwa hiyo yupo, yule binti, hakuishia stendi, amekuwa akikua huko miaka yote hii, kasoma, kaajiriwa, kanunua gari la rangi aliyoichagua nani, ameolewa je, analia baridi ikizidi? Anamwonea huyo binti wivu, ndiyo, wivu wa waziwazi, maana huyo anazungumzwa mbele za watu na kikapu cha chapati kimetulia, hakuna anayeshusha sauti. Na mchana huu saa nane Sukhraj atapanda jukwaa la mgomo amuue binti huyo.

Kwa sababu Bibi Harinder hataki mgeni jukwaani. Bibi Harinder, kiongozi wa akina mama wa chama cha wakulima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, ndiye aliyewapigania kwenye kamati jioni tatu mfululizo wapewe nafasi ya kusema, mmoja pale alisema hili ni suala la mazao jamani si la nani analala na nani, Meher akamjibu, mzee, unga ukipanda bei dukani hauniulizi mimi ni nani, na kamati ikacheka shingo upande, na mwisho Bibi Harinder akawageukia wao, watu wa debe, bila tabasamu, akasema kila anayepanda jukwaa lile anatajwa jina, kijiji, na baba yake, hata aje kusema maneno mawili, hatuna wageni pale, mkitaka kuwa wageni kaeni hemani kwenu mnywe chai yenu, mkitaka kusema ninyi ni wetu, basi mseme ninyi ni wa nani. Na kati ya wote sita, mwenye kijiji ni mmoja. Wengine ni watoto wa maghorofa. Wote wakamwangalia Sukhraj, na Sukhraj, mjinga, akasema sawa, na leo asubuhi yule mjumbe wa kamati asiyewapenda akamvuta kando, hana matusi, alisema kwa upole tu, kijana, Kot Sarang wako hapa na watu kumi na matrekta mawili, wakifunga virago kwa aibu wakaondoka, na kijiji cha jirani kikawafuata, hilo litakuwa juu yenu. Juu yenu. Mgomo wa mwezi wa pili huu, watu wamepigwa na polisi kwa maji ya baridi, hawakuondoka, waje waondoke kwa ajili ya ndevu zake? Angeweza kutaja kijiji kingine, nani angehakiki, lakini debe lile limekaa pale wiki zote likiwaambia watu hapa hatudanganyani, na kinywa kingemruhusu?

Sita. Mzee anakuja haraka sasa, kuna akina mama wawili wasioongea, chapati, chapati, halafu anasimama kwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu na kumwuliza, "na wewe, una ndugu Kanada?" na kijana anasema ninaye kaka, "mji gani?" kijana anataja, na mzee anaweka kikapu chini, jamani, anaweka kikapu cha chapati chini katikati ya kugawa, watu wanasubiri, anajifuta mikono kwenye mapaja, anatoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjwa hadi kimeanza kukatika, "basi mwambie kaka yako aulizie huko jina hili, Sukhraj Kaur, binti wa Balkar Singh, wa Kot Sarang," na kijana anacheka kidogo, "babu, Kanada ni kubwa," "najua ni kubwa, aulizie kwenye hekalu letu la huko, watu wetu wote huenda kula pale," "kwani hamna namba yake?" na hapo mzee anashusha sauti, lakini masikio ya Sukhraj yamesimama, anayasikia yote, "humpigia baba yake tu. Usiku. Mdogo wangu hupanda juu ya paa, ati mtandao unashika kule, tunamsikia anaongea, anacheka, akishuka anasema amekusalimuni wote, simu imekatika. Namba hanipi, ati inabadilika. Mwaka wa tisa huu mimi sijaisikia sauti ya yule mtoto." Kijana anaitazama ile karatasi. "Sitaki kitu," mzee anasema, "waulize tu kama anakula vizuri."

Baba anapanda juu ya paa. Sukhraj anatazama dengu zake zimeganda ukoko juu, na anamwona baba yake, Balkar Singh, mtu wa maneno kumi kwa siku, amesimama juu ya paa na simu isiyo na mtu sikioni, anacheka, anasema kula vizuri, anasema vaa soksi mbili, na chini uani kaka yake ameinua uso anasikiliza, nyumba moja, ua mmoja, kisima kimoja, uongo umeingia hadi ndani ya familia wakati yeye alidhani ni wa majirani tu, hakuwahi kufikiri, hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba baba angemdanganya Baba mkubwa pia. Na baba huongea nini kule juu? Dakika ngapi? Huuliza maswali halafu husubiri kimya kwa muda wa jibu, maana wa chini wanasikiliza, lazima asubiri, na katika kusubiri kule anasikia nini... Sukhraj alimchukia miaka tisa na sasa hajui aiweke wapi chuki hiyo, anataka tu kujua, anatamani kupanda paa lile akakae nyuma ya tangi la maji asikilize. Na huyu mwingine. Huyu aliyekuwa akimkimbia kwenye bomba la maji, akimchungulia nyuma ya magodoro akijiuliza atanijua, hatanijua, kumbe mzee wa watu anazunguka kambi nzima na karatasi anamtafuta, amepita mbele ya hema la debe mara ngapi na karatasi ile mfukoni?

"Raj," Meher ananong'ona, "twende. Tunaweza kuinuka sasa hivi, tuseme tumbo linakuuma," na Sukhraj anatikisa kichwa. Tatu. Kwa sababu saa nane mchana spika zile za manjano juu ya nguzo zitataja jina, Sukhraj Singh, wa Kot Sarang, mtoto wa Balkar Singh, na mzee atakuwa amekaa kule mbele na wenzake tisa, unga bado kwenye ndevu, na kwa mpigo mmoja, mbele ya umati, spika itamwambia kwamba Kanada haipo, gari la buluu halipo, mdogo wake ni mwongo, na mtoto aliyekuwa akimtafuta alikuwa akila mita mia mbili kutoka kwake siku nane nzima akimkwepa. Hilo hapana. Wafunge virago, wasifunge, kamati iseme itakavyosema, Kot Sarang wana haki ya kukasirika na matrekta yao ni yao, lakini mzee huyu asije akaambiwa na spika. Inashangaza jinsi lilivyo dogo likishatazamwa, wiki nzima lilikuwa mlima, je, nijitaje, nisijitaje, kundi litasemaje, mgomo utavunjika, na kumbe kabla ya yote hayo kuna mtu mmoja tu wa kuambiwa na anakuja na kikapu. Mbili. Hofu haijaondoka, wala asijidanganye, ila sasa ni hofu kwa ajili ya mwingine, anaogopa mzee atapata maumivu gani, anaogopa mzee ataanguka na goti lile, hajiogopei tena yeye kujulikana, hilo limemtoka bila kuaga, na anajiuliza lilitoka saa ngapi, alipokuwa anasikiliza habari za paa au kabla.

Meher sasa. "Chapati, mama," na Meher anapokea mbili kwa mikono miwili, kainamisha kichwa, na mzee anamtambua, "wewe si yule aliyebariki trekta la Jagroop? Halijagoma tangu siku ile, nitakuletea letu," na Meher anasema lete tu, baba, na mzee anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, ni goti la kulia, kumbe ni la kulia, na sasa viatu vyake vya ngozi viko mbele ya sahani ya Sukhraj, harufu ya moshi wa samadi na ngano iliyoungua kidogo, na Sukhraj amenyoosha mikono miwili, viganja juu, na chapati inashuka, ya moto hasa, inaunguza, na nyingine juu yake, na juu kule ile miwani yote ni nyeupe, na sauti ileile ya usilegeze inamwuliza kwa upole anaoutumia kwa vijana wasio wake, "haya, na wewe kijana, una ndugu yeyote Kanada?"

"Hayuko Kanada, Baba mkubwa," Sukhraj anasema, mikono bado iko hewani. Na mzee bado kainama, kikapu kifuani, mvuke unapanda kwenye miwani, na mtu anayefuata amenyoosha mikono yake anasubiri, na mzee haendi kwake.